Mtihani Nyumbani kwa Mama Mkwe

Chiriku alikuwa amevaa kiatu kimoja na kingine kakishika mkononi, akijigeuza mbele ya kioo, akijiuliza kama gauni la zambarau linamfaa msichana anayekwenda kuonwa na mama mkwe. Hapo simu ikalia. Alidhani ni Baridi. Kumbe ni chuo. Mtihani wa mdomo ulioahirishwa jana kwa sababu ya mtandao ungefanyika leo alasiri kwa simu ya video, na asiyetokea asubiri muhula mwingine.

Alikaa kitandani na kiatu chake mkononi, kisha akampigia Baridi.

"Nimekwisha," alisema.

"Umekwisha vipi na mimi sijaanza hata kukufaidi?"

"Usinichekeshe, nina hasira. Mtihani umehamia leo. Alasiri! Saa ile ile ambayo mama yako atakuwa ananimiminia chai na kunikagua meno."

Upande wa pili kukawa kimya. Baridi alikuwa mtu wa kunyamaza kabla ya kusema, lakini kimya hiki kilikuwa kirefu kuliko vingine, na Chiriku alikuja kukikumbuka baadaye.

"Shangazi naye amesafiri kuja kukuona," alisema hatimaye. "Hatuwezi kuahirisha. Njoo tu. Kuna chumba anachoshonea mama, utafunga mlango. Nitawaambia una simu ya kikazi."

"Kwa nini usiwaambie nina mtihani?"

"Aa, mambo ya kuelezana ni marefu. Njoo, mpenzi."

Chiriku hakushuku chochote. Alimwamini Baridi tangu siku ile alipoingia wodini na begi la vyuma kutengeneza friji ya dawa. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini fundi aliifanya kutwa nzima. Alikuwa akifunga skrubu, Chiriku akipita na kusimulia jambo, naye fundi akizifungua tena. Wauguzi wenzake, waliokuwa wamempa binti huyo jina la Chiriku kwa vile mdomo wake haukujua kupumzika, walikuwa wa kwanza kuona kwamba friji ile imepona zamani. Wao ndio waliompa na fundi jina lake. Baridi, kwa sababu ya kazi, na kwa sababu mgonjwa angeweza kummwagia uji naye asinyanyue sauti.

Masomo nayo yalianza kwa neno moja. Chiriku alikuwa muuguzi mwenye stashahada, miaka yake ya kazi ikisonga vizuri tu katika wodi ya wanaume, mpaka siku moja alipouliza kwa nini kidonda fulani husafishwa vile kinavyosafishwa. Aliuliza sista mkuu, akauliza daktari, akauliza kila aliyepita. Jibu likawa moja: tumezoea. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ndipo akajiunga na shahada ya wauguzi walio kazini, wale wanaosoma jioni kwenye simu zao na kwenda darasani wikiendi wakiwa bado wananuka dawa ya kuoshea sakafu. Alisoma akisubiri maji yachemke. Alisoma akiwa saluni. Sasa alikuwa amebakiza kipande kidogo amalize.

Akavaa kiatu cha pili, akatoka.

*

Mama yake Baridi alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho makali na sauti ya upole, kama vile alivipata vitu hivyo kwa watu wawili tofauti. Alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ilikuwa safi kiasi kwamba Chiriku aliogopa kukalia vitambaa vya makochi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Kaa vizuri, makochi hayaumi."

Shangazi, dada wa marehemu baba yake Baridi, aliketi pembeni na sahani ya karanga mapajani. Huyu alikuwa mwembamba, na aliitikia shikamoo bila kumwondolea Chiriku macho, akishuka naye kuanzia nywele hadi visigino na kupanda naye tena.

"Kwa hiyo wewe ndiye," alisema.

"Ndiye mimi, shangazi."

"Hm. Ni mzuri. Wifi, si mzuri?"

"Mzuri," alikubali mama.

"Wazuri wana mambo," alisema shangazi, akatia karanga kinywani.

Baridi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Chiriku, alikohoa. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakata tamaa, na Chiriku alipoinua uso kumtazama, macho yao yalikutana, akasahau kwa nini alikuwa na wasiwasi. Hivyo ndivyo Baridi alivyokuwa akimtazama siku zote, polepole, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari.

Chai ilikuwa bado ya moto saa ilipofika. Chiriku akaomba radhi kwa simu ya kikazi, Baridi akamfungulia chumba cha kushonea, na mlango ukafungwa.

Chumba kilikuwa kimejaa sare za shule ambazo hazijatiwa mikono na mdoli mkubwa wa kupimia nguo, aliyevalishwa koti lisilomalizika. Chiriku aliegemeza simu kwenye cherehani, akaweka visikilizio masikioni, na uso wa mwalimu wake ukatokea. Alikuwa mama wa makamo, profesa, mwenye miwani iliyoteremka hadi ncha ya pua.

"Masharti unayajua," alisema profesa. "Uwe peke yako chumbani. Nani huyo nyuma yako?"

"Mdoli, mwalimu. Wa nguo."

"Mbona ana koti?"

"Yupo kazini, mwalimu."

Profesa alicheka kidogo, akakumbuka cheo chake, akarudisha uso wa mtihani. Mtandao ulikuwa ukikatikakatika, kwa hiyo Chiriku ilimbidi apaze sauti. Maswali yalihusu wagonjwa wanaolala muda mrefu bila kuweza kujisogeza, na vidonda vinavyowapata mgongoni na kwenye nyonga wasipogeuzwa. Hayo aliyajua kwa mikono yake kabla hajayajua kwa vitabu, na sasa aliyajua kwa vyote viwili.

"Mwalimu, wanaume wangu wengi ni wazito," alijibu kwa sauti kubwa. "Peke yangu simwezi mmoja. Huwa namwita mwenzangu, tunamshika pamoja."

Profesa akauliza kuhusu zamu ya usiku.

"Usiku ndiyo kazi yenyewe! Namlaza upande huu, nampumzisha, namgeuza upande ule. Nikimaliza nahamia kwa mwingine. Mpaka kunakucha nimewapitia wote."

Chini ya mlango kivuli cha miguu kilipita, kikasimama. Chiriku alikiona, akadhani ni Baridi anamlinda.

"Wapo wanaolalamika, ndiyo," aliendelea. "Wengine wananisukuma. Lakini nawabembeleza, na asubuhi wananishukuru wenyewe. Mmoja aliniambia tangu azaliwe hajawahi kugeuzwa vile."

Mlango ukafunguka kwa kishindo, ukampiga mdoli, mdoli akaanguka na koti lake.

"Toba!" Shangazi alisimama kizingitini, sahani ya karanga bado mkononi. "Toba yangu! Wifi, njoo usikie! Njoo usikie mkwe wako na wanaume wake!"

Chiriku alishtuka, waya wa visikilizio ukachomoka, na sauti ya profesa ikajaa chumbani.

"Mama, samahani, wewe ni nani?"

Shangazi alitafuta sauti inakotoka, akainama mbele ya simu mpaka uso wake ukajaa kioo kizima. "Mimi ni shangazi wa mwanaume anayedhani amepata mke! Na wewe ndiye unayemtafutia hao wa usiku?"

Kisha profesa akaanza kucheka. Alicheka hadi miwani ikaanguka, akaitafuta mezani akiwa bado anacheka. Chiriku alificha uso wake kwa viganja, na kwa aibu yote ile naye kicheko kikamponyoka.

"Mama," alisema profesa alipopata pumzi, "huyu ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Hao wote ni wagonjwa, hawawezi hata kujifunika shuka. Yupo kwenye mtihani wake wa shahada, na alikuwa anaufanya vizuri sana mpaka ulipoingia."

"Mtihani?" Shangazi alijiinua.

"Wa shahada?" Hii ilikuwa sauti ya mama, aliyekuwa amefika mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Hakumtazama Chiriku. Aligeuka nyuma, akamtazama mwanawe aliyekuwa amesimama ukumbini. "Si ulituambia ameacha masomo? Hapa hapa, kwenye meza yangu. Ulisema ameshaachana na mambo ya chuo, anangoja kuolewa tu."

Kicheko cha Chiriku kilikatika kama uzi.

Alimtazama Baridi. Baridi alitazama sakafu. Basi akajua kwamba ni kweli.

"Jamani," alisema profesa, ambaye hakuweza kuona vyema yaliyokuwa yakitendeka, "bado swali moja. Naomba chumba kiwe kitupu."

Mama alimshika wifi yake mkono, akamtoa. Mlango ukafungwa. Chiriku alimsimamisha mdoli, akarudi kwenye kiti.

"Uko sawa?" aliuliza profesa, taratibu zaidi.

"Niko sawa, mwalimu. Uliza."

"Umerudi wodini na digrii yako. Kuna jambo linafanywa vibaya kwa miaka yote, na wenzako hawataki libadilike. Unaanzia wapi?"

Chiriku alikuwa amelisoma jibu hilo. Lilikuwa na hatua zake na majina ya watu walioandika vitabu. Lakini kichwani mwake halikubaki hata neno moja, alibaki Baridi tu akiitazama sakafu. Akajibu alivyoweza.

"Ninaanza na yule anayekataa kuliko wote. Simsemi mbele za watu. Namtafuta pembeni nimuulize anaogopa nini. Kwa sababu mara nyingi mtu hakatai kwa ubaya, mwalimu. Anaogopa ataonekana hafai tena." Aliisogeza simu karibu. "Ila na yeye anatakiwa aseme ukweli. Asiposema, siwezi kumsaidia."

Profesa alivaa miwani yake. "Umefaulu kunichekesha," alisema. "Alama nyingine utaziona pamoja na wenzako. Nenda kamalize hilo lililoko huko nje."

*

Alimkuta Baridi uani, kando ya kamba ya nguo, ameshika kibanio na kukifungua na kukifumba. Chiriku alikuwa amejiandalia maneno ya kutosha msiba mzima, lakini lilitoka moja tu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kukuambia leo asubuhi."

"Leo asubuhi ulinyamaza. Nilikusikia unavyonyamaza. Nauliza kwa nini."

Baridi alikiweka kibanio kwenye kamba. "Mama aliniuliza harusi lini. Nikasema wewe unasoma. Shangazi akasema, mwache asome, akishapata digrii yake atatazama kushoto na kulia, ataona madaktari, halafu atakutazama wewe na bisibisi yako. Nikacheka. Wote tukacheka. Halafu nikaenda kulala nikaona sicheki tena."

"Ukaona dawa ni kunifukuza chuo kwa mdomo wako."

"Niliona dawa ni wanyamaze. Nikasema umeacha. Lilitoka tu, na lilipotoka likawa tamu masikioni. Hapo ndipo nilipojiogopa."

"Tamu!" Machozi yalikuwa yameshafika, na Chiriku aliyafuta kwa nyuma ya kiganja kwa hasira, maana alichukia kulia akiwa na la kusema. "Mimi nasoma na miguu imevimba. Nasoma kitabu kikiwa juu ya jiko! Na wewe unajua, ni wewe uliyeniletea ile taa ndogo ya kusomea. Kumbe ulikuwa unanimulikia huku unaomba nikwame?"

"Sikuomba ukwame."

"Uliomba nini?"

"Niliomba ukifika huko juu, unikumbuke."

Alilisema kwa sauti ndogo, mwanaume yule mrefu na shati lake lililopigwa pasi, na Chiriku alitamani sana kuendelea kukasirika. Alikuwa na haki yake. Lakini alimtazama akaona hofu tupu, imesimama uani mchana kweupe, haina pa kujificha.

"Baridi, mimi nilikupenda ukiwa umelala chini ya friji. Nilikuwa naona viatu tu. Ningekuwa natafuta vyeo ningeondoka siku ile."

"Viatu vyenyewe vilikuwa vimetoboka."

"Vilikuwa vimetoboka vibaya. Usinichekeshe, nimekwambia nina hasira." Alivuta pumzi. "Mimi naondoka. Siwezi kukaa kwenye meza ambayo nimesemewa uongo."

"Nitakusindikiza," alisema Baridi. "Popote unapotaka kwenda. Lakini njoo kwanza unisikie. Niliusema uongo nikiwa nimekaa pale sebuleni. Niufute pale pale, nawe ukiwepo. Baada ya hapo ukitaka kuondoka, nitabeba mkoba wako."

Hakumshika mkono, hakumzibia njia. Alitangulia tu kuingia ndani, akaacha mlango wazi nyuma yake. Chiriku alisimama kidogo na zile nguo zilizokuwa zikipepea. Kisha akamfuata.

*

Mama na shangazi walikuwa wamekaa kimya, jambo ambalo kwa shangazi lilionekana kuuma.

"Mama, shangazi," alisema Baridi akiwa amesimama. "Niliwadanganya. Huyu hajaacha chuo na haachi. Niliogopa maneno, nikamsingizia. Namwomba radhi yeye kwanza, halafu ninyi."

"Mimi sina ugomvi na digrii," alisema mama polepole. "Nina ugomvi na uongo. Nimekulea peke yangu, hukuwahi kunidanganya hata ulipovunja kioo cha jirani. Leo unaanza kwa mkwe?"

"Nisamehe, mama."

"Nitafikiria. Lakini na mimi nina langu, mwanangu," alisema, sasa akimgeukia Chiriku. "Usinichukie. Huyu atarudi kazini ana njaa, na wewe umejifungia na simu unapiga kelele za kugeuza watu. Atakula nini?"

"Atapika, mama. Siku zangu za mtihani yeye ndiye hupika."

"Huyu? Anapika nini?"

"Mayai," alikiri Baridi.

"Na siku nyingine?"

"Mayai."

Mama alijizuia, akashindwa, akacheka huku akijifuta uso kwa kitambaa cha vyombo. Shangazi hakucheka. Aliweka sahani mezani.

"Mnacheka. Mimi nasema la maana. Mwanamke akimzidi mumewe, nyumba haina amani. Mwanangu, hilo huliogopi?"

"Nililiogopa sana, shangazi, ndiyo maana nikadanganya," alisema Baridi. "Lakini nimefikiria nikiwa hapo uani. Huyu alishanizidi zamani. Kwa maneno amenizidi. Kwa kuamka mapema amenizidi. Kwa moyo wa kukaa na wagonjwa, mimi ningekimbia siku ya kwanza. Na bado niko hapa, nanenepa. Digrii nayo ije, itanikuta hapa hapa." Alimgeukia Chiriku, na sauti ikapungua. "Nitasubiri. Maliza masomo yako yote. Ukihitimu, kama bado unanitaka, nitakuja na mama kwenu. Kabla ya hapo sitataja harusi."

Maneno yalikuwa mazuri, na yalisemwa kwa moyo safi. Mama alishusha pumzi kama mtu anayeona wajukuu wakisogea mbali. Hata shangazi alionekana kuguswa.

Chiriku peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Nani kasema nataka kusubiriwa?"

Wote watatu walimtazama.

"Nilisema siachi kusoma," alisema. "Kuna siku nilisema siolewi? Nusu ya darasa letu wameolewa. Mmoja alijifungua kati ya mtihani na mtihani, akarudi akashika namba ya kwanza! Chuo kina likizo, na likizo inaanza mwezi ujao. Mimi nilikuwa nimeshaipigia hesabu kimoyomoyo. Sikujua kumbe mwenzangu anagawa tarehe zangu hovyo, mara niache chuo, mara niache harusi. Hakuna hata aliyeniuliza."

"Mwezi ujao!" Shangazi alisimama wima, uso ukiwa umebadilika kabisa. "Wifi, mwezi ujao! Na mimi nitavaa nini? Kwani nani anatangaza harusi hivi, kama anatangaza mgao wa maji? Wewe binti, unapenda rangi gani? Si hiyo zambarau, hiyo hapana. Na wale wanaume wako wa wodini, utamwachia nani kazi ya kuwageuza?"

"Kaa chini, wifi," alisema mama, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameshasimama bila kujijua. "Kaa chini, tuulizane kwanza. Mwanangu, umesema mwezi ujao?"

"Mwezi ujao, mama. Kama mtaniruhusu nirudi darasani likizo ikiisha."

Baridi, mtu ambaye wodi nzima ilimjua kwa utulivu wake, alikuwa akipapasa nyuma yake kutafuta pa kukaa, na hapakuwa na kiti. Chiriku alimwona, akataka kucheka, akajikaza. Bado alikuwa na donge lake kifuani, dogo, ambalo lingechukua siku zake kuyeyuka, na alitaka Baridi alione.

"Unasema kweli?" aliuliza Baridi. "Au bado una hasira?"

"Vyote viwili," alisema Chiriku, akamsogezea kiti.